Mteja Aliyepiga Simu Kutoka Kisesa

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, habari kwa kifupi ni hii: Evelina, binti wa Kisesa, alifukuzwa kazi kwenye duka la simu kwa kumwambia mteja ukweli. Akapata kazi nyingine ya kutunza tovuti ya kutafutia wachumba, akamficha mama yake. Kisha akaenda Butimba kutambulishwa kwa Mzee Rwehumbiza, baba wa mchumba wake Jonathan, na katika kukaribishwa akakalia miwani ya mzee. Miwani ikavunjika, uchumba ukapona.

Mlidhani mkosi umeishia kwenye miwani? Hata yeye alidhani hivyo.

Jumamosi hii asubuhi alipanda ngazi za ofisi yao, pale Makoroboi, Mwanza mjini, akiwa na chapati mbili kwenye mfuko wa karatasi na nia njema kabisa ya kuzila. Hakuzila.

"Evelina! Jirani wa Moyo haifunguki!"

Aliyepiga kelele ni bosi wake, Chenge. Jirani wa Moyo ndiyo tovuti yenyewe. Humo watu wazima wa kanda ya ziwa, wajane, wagane, waliochelewa na waliochoka kungoja, hujiandikisha kwa majina ya bandia na kutafuta wenza. Chenge mwenyewe hajaoa. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia anangoja tovuti ikomae.

"Haifunguki kwako tu au kwa wote?" Evelina aliuliza.

"Kwa dunia nzima!"

"Dunia umeiuliza saa ngapi?"

Alitoa simu yake, akazima mtandao wa ofisi, akatumia bando lake mwenyewe. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, haukuja. Kwa hiyo tatizo halikuwa la ofisi. Akaketi kwenye kompyuta na kuiita seva yenyewe, ile mashine waliyoikodi Dar es Salaam ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Seva ikaitika mara moja.

"Mashine iko hai, bosi."

"Iko hai halafu haifunguki? Hai gani hiyo?"

"Mashine iko hai, huduma ya kurasa ndiyo imezimia. Niache niingie nione."

Kabla hajaingia, simu ya huduma kwa wateja ikalia. Simu hiyo kwa kawaida hushikwa na Gladness, lakini Gladness alikuwa amevuka ziwa kwenda Sengerema kumwona dada yake aliyejifungua. Evelina akapokea.

"Jirani wa Moyo, habari za asubuhi."

"Nzuri, binti. Mimi mteja wenu, napiga kutoka Kisesa. Huu mtandao wenu mbona unazunguka tu mpaka macho yananiuma?"

Evelina alishika meza. Sauti ile aliijua. Sauti ile ndiyo iliyomwamsha kwenda shule, ikamfokea kwa kuunguza maharage, ikamwimbia alipougua surua. Ilikuwa sauti ya mama yake mzazi, Sabina, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Sabina huyu huyu ndiye aliyesimama mbele ya waumini na kutangaza kwamba anayeokota mume kwenye simu asishangae akipata mwenye betri mbovu.

Ni kwa sababu ya maneno yale Evelina alimwambia anafanya kazi kampuni ya bima.

Akaibana pua yake kwa vidole viwili.

"Unaongea na Gladness, mama yangu," alisema kwa lafudhi ya mtu wa Dar, ya kuigiza. "Pole kwa usumbufu. Jina lako la humu ndani ni nani?"

"Lazima nilitaje?"

"Ili nikusaidie, mama."

Akajibu kwa sauti ndogo: "Mama Tulivu."

Aliyewahi kumwona Sabina akiwafukuza mbuzi wa jirani kwenye maharage yake angecheka hadi akae chini. Evelina akaibana pua zaidi.

"Na una haraka, Mama Tulivu?"

"Ninayo, mwanangu. Kuna mtu ameniandikia jana tukutane leo. Nimeona mwanzo tu wa ujumbe: Jumamosi saa tisa tukutane... basi, umekatika. Nikifungua, unazunguka. Tukutane wapi sasa? Mwanza yote hii nizunguke namtafuta?"

"Namba za simu hamkupeana?"

"Namba! Mwanamume hata sura simjui, nimpe namba? Mimi si wa hivyo."

"Samahani, mama. Naishughulikia."

Akakata simu, akaangalia ukuta.

"Nani huyo?" Chenge aliuliza.

"Mteja."

"Mbona umetoka jasho?"

"Ni mteja mkali."

Evelina akaingia ndani ya seva. Ilikuwa nzito ajabu. Unaandika herufi, unavuta pumzi, ndipo herufi inatokea. Akaangalia diski. Imejaa. Haikubaki hata nafasi ya kuandika jina. Akatafuta kilichoijaza, na alipokiona akageuza kiti taratibu.

"Bosi, ile video yako ya tangazo, uliyojirekodi kwenye jiwe na suti nyeupe. Uliipandisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Humu ziko nyingi sana."

Chenge akakuna kichwa. "Nilikuwa nabofya, naona haionyeshi kitu. Nabofya tena. Haionyeshi. Basi nikawa nabofya."

"Kila ukibofya ilikuwa inapanda."

"Zote?"

"Zote. Humu ndani wewe ni wengi kuliko wateja."

Akazifuta, akaacha moja kwa heshima. Diski ikapumua. Akaiwasha upya huduma ya kurasa, na ukurasa ukaja, ila badala ya nyuso za watu ukaleta mstari mmoja wa kusikitisha: hifadhidata haipatikani.

Hifadhidata ndilo ghala la kila kitu: majina, picha, na ujumbe wote watu walioandikiana. Diski ilipojaa, ghala lilikuwa katikati ya kuandika. Likakatika hapo hapo. Sasa kila akiliwasha linakataa.

"Si tuna nakala ya akiba?" Chenge aliuliza.

"Ya mwisho ni ya Alhamisi. Jana haikujitengeneza kwa sababu nafasi uliimaliza wewe."

"Basi rudisha ya Alhamisi tufungue haraka!"

"Yote yaliyoandikwa jana yatapotea."

"Wataandika tena. Watu wanaopendana hawakosi la kusema."

Simu ikalia. Evelina akaibana pua.

"Binti Gladness, bado tu?"

"Bado kidogo, mama."

"Una mama wewe?"

Swali hilo Evelina hakulitarajia. "Ninaye," alisema.

"Basi uwe unampigia jioni. Mchana mtu ana kazi, ana shamba, ana vikao vya kanisa. Jioni ndiyo mbaya. Unapika ugali wa mtu mmoja, unaangalia sufuria, unaona hata aibu kuwasha moto."

Evelina akatazama mfuko wa chapati.

"Mimi nina binti mmoja," Sabina aliendelea, kama mtu aliyengoja siku nyingi apate wa kumwambia. "Yuko bima. Mwezi ujao anaolewa. Mzuri, ana adabu, ila anajiona ana akili kuliko watu wote, sijui karithi kwa nani."

"Huyo binti yako si umwambie kuhusu huyu mtu?"

"Nimwambie ili iweje? Atanicheka. Au hatanicheka, atanihurumia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Binti yangu akipiga simu anauliza kuku, anauliza mshenga kasemaje, anauliza vitenge vya sare. Huyu mwalimu niliyempata humu kwenu ananiuliza nimekula nini. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyeniuliza nimekula nini."

Evelina aliachia pua. Bahati mama yake hakuwa anangoja jibu.

"Sasa wewe si uko huko ndani, Gladness? Nakuruhusu. Utafute huo ujumbe wangu unisomee."

"Nipe muda, mama yangu," Evelina alisema, na safari hii sauti ilitoka nzito bila kuibana pua.

Akarudi kwenye kompyuta. Akaliwasha ghala kwa ile hali ya kusoma tu, ambayo hairuhusu kuandika wala kubadilisha, ila inakuwezesha kuchungulia na kuchota. Likakubali. Akatafuta jina la Mama Tulivu, na ujumbe wa mwisho ukatokea. Umetoka kwa mtu anayejiita Mwalimu Mpole. Kwa kuwa wote wawili walishakubali kuonana sura, na picha yake ilikuwa hapo chini.

Akaifungua.

Mzee Rwehumbiza wa Butimba alimtazama, amevaa miwani mpya.

"Yesu wangu!"

"Nini? Imekufa?" Chenge aliruka.

"Haijafa. Nimekufa mimi."

Msomaji, tulia umwelewe. Mzee Rwehumbiza ni mgane, mwalimu mstaafu, mtu safi. Sabina ni mjane. Hakuna aliyemkosea mwingine. Hawakuwa wameonana kwa sababu barua ya posa ilipelekwa na mshenga, ikapokelewa na mjomba, na wazazi walikuwa wanangoja siku ya mahari ndipo wakutane. Lakini wale wawili wakioana, Jonathan atakuwa kaka yake Evelina. Padri gani atawafungisha ndoa kaka na dada? Wazee gani, wa Kisesa au wa Kagera kwao Jonathan, watakaa wapokee mahari ya namna hiyo? Na kadi za harusi zilishakwenda kwa mchapaji.

"Evelina," Chenge alisema, "nasema rudisha ya Alhamisi. Sasa ni amri."

Amri! Evelina alimpenda bosi wake kwa mara ya kwanza. Ujumbe uliandikwa Ijumaa. Akirudisha nakala ya Alhamisi, ujumbe unafutika, picha inafutika, hata kule kukubaliana kunafutika. Mzee atakaa mezani peke yake mpaka chai ipoe, ataona amedharauliwa, atarudi Butimba na kufunga akaunti. Na hakuna atakayemlaumu fundi aliyetii amri.

Akaandika amri ya kurudisha. Ikabaki kubonyeza tu.

Kidole kikakaa juu ya kitufe.

Alijaribu kukumbuka ni lini alimuuliza mama yake amekula nini. Akatafuta mwezi huu, akatafuta mwaka jana. Aliyoyapata yalikuwa ya kuku, mshenga na vitenge.

Akaifuta amri, herufi baada ya herufi.

"Unafanya nini?" Chenge alisogea.

"Bosi, waliojiandikisha jana utawaambia hawajawahi kuzaliwa? Na waliokubaliana jana kukutana leo? Unataka Mwanza nzima watu wakae mahotelini wakisubiriana?"

Chenge akafikiria Mwanza nzima. Akarudi kwenye kiti chake.

Evelina akashika njia ndefu. Akaanza kuchota ghala lile jedwali kwa jedwali, kama anayetoa magunia moja moja. Pengine linatoka zima, pengine linakatikia njiani, anarudi, anaruka sehemu iliyoharibika, anaendelea. Jedwali la ujumbe lilimtoa jasho kuliko yote. Lilikataa, akalibembeleza, likakataa, akalitukana polepole kwa Kisukuma, likatoka. Akajenga ghala jipya, akamwaga humo alivyovichota, akawasha.

Jirani wa Moyo ikafunguka.

Chenge hajamaliza kushangilia ikalala tena. Wajane na wagane wote wa kanda ya ziwa walikuwa wameingia kwa mkupuo. Evelina akaiambia seva ipokee wachache wachache na wengine wangoje zamu, akaiwasha tena, akaikodolea macho. Ikasimama. Chenge alifurahi hata akala chapati zote mbili.

Simu ikalia.

"Imefunguka, Gladness! Mungu akubariki!"

"Amina, mama. Picha umeiona?"

"Nimeiona. Ana uso wa mtu anayenawa mikono kabla ya kula. Ila ujumbe wake mrefu na herufi ndogo, nisomee wewe."

Basi Evelina akaibana pua, akamsomea mama yake mzazi barua ya mapenzi ya baba mkwe wake. Ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho.

"'Ndugu Mama Tulivu. Awali ya yote napenda kukujulia hali, na kuuliza kama leo umekula vizuri. Kwa kuwa mazungumzo yetu yamekomaa, naomba Jumamosi saa tisa tukutane kwenye ule mgahawa wa samaki ulio ufukweni, baada ya stendi ya Nyegezi. Nitakaa meza ya upande wa maji. Sitavaa ua kifuani kama vijana. Utanitambua kwa kuwa nitasimama ukiingia.'"

"Gladness," Sabina alisema, "niende, nisiende?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya mwisho. Neno moja tu lingetosha: usiende. Evelina alilifungulia mdomo, likakataa kutoka.

"Nenda, mama. Vaa kile kizuri. Na kabla hujatoka ufunge banda la kuku."

"Banda la kuku umelijuaje?"

Evelina aliona nyota. "Nimewasikia kuku kwenye simu, mama yangu. Wanalia."

"Kuku wangu hawajalia."

Evelina akaibana pua hadi ikauma.

"Haya. Asante, Gladness," mama yake alisema, akilivuta lile jina taratibu. Akakata simu.

Evelina alikuwa bado ameishika simu hiyo wakati simu yake mwenyewe ilipoita. Jonathan.

"Mpenzi, vaa vizuri, nakupitia. Baba ana mgeni anataka mimi na wewe tumwone. Hataki kusema ni nani. Amenyoa ndevu, amepiga suti, ananukia mpaka barabarani. Nahisi ni mwanamke! Njoo ukae karibu yangu nisije nikacheka."

"Jonathan, siwezi. Seva inasumbua."

"Chenge ameweka kwenye status imepona. Ameweka na makofi."

Evelina alimtazama Chenge. Chenge akamwonyesha dole gumba.

Saa tisa haijafika walikuwa wameketi kwenye meza ya upande wa maji. Mzee Rwehumbiza alikuwa ameagiza sato mkubwa wa kukaanga na ndizi, na alikuwa amezigeuza sahani mara kadhaa zikae sawa.

"Shikamoo, baba," Evelina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ila kikague kiti kwanza."

Jonathan akacheka. Evelina naye akajaribu, ikatoka kama kikohozi.

"Wanangu," mzee alianza, akikinyoosha kitambaa cha meza, "sipendi kufanya mambo kwa kificho, ndiyo maana nimewaita. Kuna mama ambaye tumeandikiana kwa miezi. Sura yake hata sijaiona, jana mtandao ulizima na leo sikuthubutu kufungua, niliogopa nisije nikaghairi kwa woga. Lakini moyo wake naujua. Akinikubali, nataka mambo yaende upesi. Naomba msinizuie."

"Tukuzuie kwa nini?" Jonathan alimshika baba yake bega. Macho yalikuwa yamemlowa. "Baba, tangu mama aondoke umekaa peke yako mle ndani unasahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Ukimpata mtu, hata kesho! Mimi na Evelina tuko nyuma yako."

"Mnaniahidi?"

"Tunakuahidi. Evelina?"

Mzee akamgeukia. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Tunakuahidi, baba," Evelina alisema.

Mzee akasimama.

Sabina alikuwa ameingia langoni. Amevaa kitenge cha kijani alichokuwa amekitunza kabatini, kilemba kimekaa vizuri, mkoba mkononi. Alikuwa amependeza hata Evelina akasahau kuogopa.

"Mama!" Jonathan aliinuka kwa furaha. "Shikamoo! Na wewe umekuja kula samaki huku kwetu?"

Sabina alimtazama Jonathan, akamtazama mzee aliyesimama, kisha akamtazama binti yake. Hapo ndipo macho yake yalipokaa muda mrefu.

"Mama Tulivu?" mzee aliuliza.

"Ndiye mimi, Mwalimu."

Tabasamu la Jonathan likabaki usoni bila mwenyewe.

"Baba," alisema polepole, "huyu ni mama yake Evelina."

Mzee Rwehumbiza akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuna kilichobadilika. Mhudumu aliyekuwa anakuja na soda akaona nyuso zile, akageuka na soda zake.

Evelina alingoja mama yake ageuke aondoke. Mkoba alikuwa bado ameushika, na lango lilikuwa wazi nyuma yake. Angeondoka sasa, yote yangekwisha, wangeyazungumza siku moja na kucheka.

Sabina akasogea. Akauweka mkoba mezani. Akavuta kiti kilichokuwa karibu na mzee, akaketi, akakikunja kitenge vizuri magotini.

"Evelina."

"Abee, mama."

"Msalimie baba yako."

"Baba mkwe, mama," Jonathan alisahihisha, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Baba mkwe."

Sabina akachukua glasi ya maji aliyokuwa amemiminiwa na mzee, akanywa, akaiweka chini taratibu.

"Jonathan mwanangu," alisema, "mimi sijakosea neno."